Taa ya Injini na Fedha za Mradi
Mazungumzo na kamati za parokia, Sigi



Nimeombwa nizungumzie ile taa ya injini kwenye dashibodi, kwa sababu mwaka jana ilitula fedha. Gari letu la kupeleka wagonjwa Muheza lilikuwa linakosa nguvu likipanda zile kona za kutoka hapa Sigi kwenda Amani. Gereji moja ikalipima kwa mashine, ikasoma P0171, tukaambiwa sensa ya oksijeni imekufa. Tukanunua mpya. Siku ya tatu taa ikawaka tena. Gari likalala wiki mbili, na mama mjamzito akateremshwa kwa pikipiki usiku, mvua inanyesha. Alifika salama, lakini hata leo sipendi kuukumbuka usiku ule.

Sasa, P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta ya gari imeona hewa ni nyingi kuliko petroli. Sensa ilikuwa shahidi tu, nasi tukamwadhibu shahidi! Kosa lilikuwa kwenye paipu ya mpira ya hewa, kati ya kipima hewa na injini. Ilikuwa imepasuka upande wa chini, ufa usioonekana mpaka uikunje kwa mkono. Hewa isiyopimwa ikawa inapenya hapo. Ingeweza pia kuwa kipima hewa kichafu, au pampu ya mafuta iliyochoka. Ndiyo maana fundi hukagua kwanza, kisha ndipo hununua.

Herufi P ni ya injini na gia. P0300 maana yake injini inamisi bila kujulikana silinda ipi. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili. Kama kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya kwanza iende ya pili. Namba ikihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Isipohama, angalia plagi, kisha nozeli. Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi.

Taa ikiwaka bila kupepesa, na gari halichemki wala taa ya oili haijawaka, mnaweza kufika taratibu. Ikipepesa, punguzeni mwendo na msimame mahali salama: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza kichujio chake, ambacho bei yake mnaijua.

Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari madogo ya mwaka 1996 na kuendelea. Baadhi ya Toyota za kabla ya hapo husomwa kwa kuunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha kuhesabu taa inavyopepesa. Na Land Cruiser za zamani za dizeli, zenye pampu ya kawaida, hazina namba za kusoma. Hapo tunarudi kwenye masikio ya fundi.

Ombi langu kwa kamati: msiidhinishe ankara ya spea isiyoonyesha namba iliyosomwa na kipimo kilichofanyika. Dereva naye aiandike namba kwenye daftari la gari kabla mtu yeyote hajaifuta. Kuchomoa betri nako kunaweza kuifuta, na fundi wa pili ataanzia gizani.