Walinzi wa Jikoni na Kizingitini



Katika sikukuu ya hekalu tumezoea kusikia habari za Rama, Krishna na Shiva, na majina ya waliotoa saruji na marumaru. Leo twaomba ruhusa kuwataja wale wasio na sanamu humu ndani, kwa kuwa makao yao ni nyumbani.

Usiku wa sita tangu mtoto azaliwe, mama zetu waliweka karibu naye taa, karatasi tupu na kalamu, maana usiku huo Vidhata huja kumwandikia majaliwa yake. Kabla ya harusi, wenye asili ya Saurashtra humkaribisha Randal, mke wa Surya, mungu jua. Hukaa katika lota, chombo cha shaba kilichofunikwa nazi iliyotiwa macho na kuvishwa kitambaa. Nazi za Mikindani zilimfaa sana, na jirani yetu Mwislamu hakukubali kulipwa, akisema nazi ya harusi haiuzwi.

Aliyeogopwa na kupendwa zaidi ni Shitala, mwenye ubaridi, mlinzi wa watoto dhidi ya ndui. Siku ya saba ya nusu ya mwezi wa Shravan inayofifia, mkesha wa Janmashtami, moto hauwashwi. Thepla na puri hupikwa siku iliyotangulia, kisha jiko hufagiliwa na kupozwa, kwani usiku Shitala hupita akajilaza katika jivu. Hadithi yasema mke mmoja kijana alisahau makaa, Shitala akaungua, na asubuhi mtoto wa nyumba ile akakutwa amekufa. Mama akambeba, akamtafuta Shitala njiani hata akasamehewa na mtoto akafufuka. Hofu ile ilikuwa na sababu. Ndui iliua watoto Gujarat, iliua na pwani hii. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya asili alipatikana mwaka 1977 huko Merca, pwani ya Somalia, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ugonjwa umekwisha. Chanjo ndiyo iliyoushinda. Mama zetu walitupeleka kuchanjwa, na jiko wakalipoza vilevile. Hatukuona ugomvi wowote baina ya mambo hayo mawili.

Majirani hutuuliza kwa upole: mbona walinzi wengi hivyo? Warumi wa kale nao walikuwa na Cunina wa kitanda cha mtoto, Cardea wa bawaba na Limentinus wa kizingiti. Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, aliwacheka kwa kuweka miungu watatu mlangoni panapotosha bawabu mmoja. Hoja anayo. Lakini mama anayekesha na mtoto mwenye homa hahesabu walinzi. Na hapa pwani, mtoto akiketi kizingitini wakati wa magharibi, ni bibi gani asiyemwondoa?

Wafanyabiashara wa Kihindu wa kwanza wa pwani hii, Wabaniani, walikuja na upepo wa kaskazi, na kwa desturi waliwaacha wake zao Kachchh na Kathiawar. Duka lilikuwapo na daftari lilikuwapo, ila Vidhata na Shitala hawakuwa na nyumba ya kuingia. Walikuja baadaye, mikononi mwa akina mama. Sisi wanaume tulikula puri za baridi tu.

Tunaungama. Mama yetu alipofariki, harusi iliyofuata ilitukuta hatujui nazi huelekezwa wapi wala wanawake wangapi hulishwa. Tulimpigia simu mama mdogo aliyeko Jamnagar, naye alikuwa amesahau nusu. Randal akakaribishwa kwa kubahatisha, katika nyumba ambayo kila senti iliyowahi kuingia imeandikwa.

Kwa hiyo twaiomba halmashauri, kabla ya kuongeza marumaru, ifungue jiko la hekalu siku ya kutangulia Shitala Satam mwaka huu. Akina mama wazee waliobaki, nao ni wachache, wapike na waseme. Wasichana na wavulana wapike na waandike. Majirani, kesho yake karibuni mle nasi. Chakula kitakuwa cha jana na cha baridi. Msije mkadhani tumewadharau.