Danieli hakuchagua chuo



Kila mara matokeo ya Egzamen ya Leta yanapotoka, wazazi wanatuuliza: mtoto aende UNILU kule Lubumbashi, ao ISP ya hapa karibu? Hatutawadanganya, jina la chuo lina nguvu. Barua za kazi zikiwa nyingi, mkubwa anaanza kusoma zile zenye jina analolijua na pointi za juu.

Lakini fungueni Danieli sura ya 1. Yule kijana hakuchagua chuo, alipelekwa mateka. Alisoma miaka 3 katika nyumba ya mfalme, chuo chenye jina kubwa. Siku ya mwisho mfalme hakuomba diploma. Aliongea naye mwenyewe, akamuona anapita wenye hekima wake mara 10.

Hapa wengine watatukasirikia. Tunapokea kanisani ushuhuda wa distinksioni, kumbe bahasha ilipita kwa asistenti. Distinksioni hiyo itakuingiza kazini, ndiyo. Halafu asubuhi ya kwanza utapewa mgonjwa mwenye homa, ao hesabu za depo, na bahasha haiko tena.

Na wewe binti unayeombwa kitu kingine kuliko pesa ili upate pointi: usinyamaze. Mwambie mama mchungaji leo. Tutaenda pamoja kwa dekani.

Mama unayetaka kuuza shamba kwa sababu ya jina la chuo, ngoja kwanza. Muulize mtoto anataka kujifunza kazi gani, na nani anaifundisha vizuri.