Unajua Mtoto Wako Yuko na Nani Saa Hii?

Leo nazungumza na wazazi wa Thika na Ruiru. Vijana, najua nanyi mnasikiliza, msizime redio.

Nikizunguka nyumba kwa nyumba, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Sista, huyu mtoto nimfanyie nini? Dunia imeharibika." Mzazi akitoka nje ya mlango anaona baa, anaona muguka ukiuzwa kando ya duka la mkate, na kijana wa jirani ameshalewa kabla ya saa sita mchana. Kutoka Githurai hadi Makongeni ni hivyo hivyo. Basi wengi wameshakata tamaa, wanasema mtoto akilelewa hapa ni lazima atapotea. Mimi nakataa, na nina sababu.

Profesa Richard Jessor wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Inakuwaje vijana wawili waishi mtaa mmoja na kusoma shule moja, kisha mmoja aingie katika ulevi na mwingine asiingie? Yeye na wenzake walipima yale yanayomvuta kijana, na pia yale yanayomkinga. Mwaka 2003 walichapisha ulinganisho wa vijana wa Marekani na wale wa Beijing, Uchina. Mila ni mbalimbali kabisa, lakini mambo yanayowakinga vijana yalifanana sana pande zote mbili.

Utasema hao ni wa ng'ambo. Haya, turudi nyumbani. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliotumia mawazo hayo hayo kwa vijana 1,722 wa Korogocho na Viwandani, jijini Nairobi, wenye umri wa miaka 12 hadi 19. Hiyo ni mitaa ya watu wenye shida kama za Kiandutu yetu. Hapo pia ilionekana kwamba kijana mwenye kinga, hata vishawishi vikimzunguka, nguvu ya vishawishi hivyo hupungua.

Kinga yenyewe ni nini? Si sindano. Ni mtu mzima anayejua kijana yuko wapi na yuko na nani. Ni sheria za nyumbani zinazojulikana, si zile zinazotungwa mzazi akishakasirika. Ni marafiki wanaopenda masomo. Na ni mtu wa kumwendea akiwa na shida bila kuogopa.

Mama mmoja aliniuliza wazi: "Natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kibarua, narudi usiku. Nitamchunga saa ngapi?" Swali lake ni la haki. Lakini watafiti wawili, Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliwachunguza vijana wa miaka 14 nchini Uswidi, na mwaka 2000 wakaonyesha kwamba mengi ambayo mzazi anayajua juu ya mtoto hayatokani na upelelezi. Yanatokana na mtoto mwenyewe kusema. Kwa hivyo, mama, hata ukiwa na nusu saa tu jioni, kazi kubwa ni kumfanya mtoto atake kusema.

Hapo ndipo tunapoharibu. Binti anasema, "Mama, rafiki yangu ana mimba." Mama anapaza sauti: "Unaona! Nilikwambia uachane na hao!" Siku hiyo mlango umefungwa, na hutasikia neno jingine. Ungemwuliza, "Masikini, sasa anaendeleaje? Na mvulana amesema nini?" angekaa, mkaongea, na ungejua mengi hata juu yake mwenyewe. Na mimba si hadithi za mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya, 15 walikuwa wamewahi kushika mimba.

Sasa juu ya wavulana, na hapa wazee wataniwia radhi. Huku kwetu mvulana akishatahiriwa Desemba, anapewa chumba chake, na kuanzia hapo hakuna anayemwuliza alilala wapi. Eti ni mwanamume. Huyo ana miaka kumi na mitatu! Zamani alikuwa na mzee wa kumwelekeza na rika la kumkosoa, hakuachiwa kitanda na ufunguo tu. Baba, mpe chumba, ni sawa, lakini endelea kuuliza. Kama baba hayupo, mjomba au mwalimu anaweza kuwa mtu huyo.

Leo jioni jaribu jambo moja. Taja marafiki watatu wa mtoto wako na nyumba wanazotoka. Ukishindwa, mwombe awalete wanywe chai. Kisha kubaliana na mama jirani: wewe umtazame wake ukiwa nyumbani, naye amtazame wako ukiwa kazini.

Na ikiwa tayari kijana ameanza kunywa, au binti ameshaguswa na mtu, usingoje. Mlete kituo cha afya kilicho karibu. Aliyebakwa afike kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya HIV. Pia kuna simu ya watoto nambari 116. Inapigwa bila malipo, mchana na usiku, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.