Mtumishi Mwenye Neno la Siri Halali: Pengo katika Sheria za Udukuzi



Mada niliyopewa inahusu sheria dhidi ya udukuzi na kuingilia data bila idhini. Nimeibana kwenye swali moja tu. Karani amepewa neno la siri na mwajiri wake ili afanye kazi yake. Siku moja analitumia kufungua taarifa za mtu asiyemhusu, anachukua namba ya simu na mahali anapoishi, anampa jamaa aliyemwomba. Je, huyo ni mdukuzi? Nauliza hili kwa sababu sheria zetu zimeandikwa kwa kumtazama mtu wa nje anayebomoa mlango, ilhali wahenga walishatuambia kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Si ajabu kwamba sheria zilianza na mtu wa nje, maana ndiye aliyeziumbua mahakama mwanzoni. Nchini Uingereza, Robert Schifreen na Stephen Gold waliingia katika huduma ya Prestel ya kampuni ya simu ya British Telecom hadi wakafika kwenye kisanduku cha ujumbe cha Mwanamfalme Philip. Hapakuwa na sheria iliyotaja kuingilia kompyuta, kwa hiyo wakashtakiwa kwa sheria ya kughushi ya mwaka 1981. Walitiwa hatiani, Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu, na mwaka 1988 Baraza la Malodi likakubaliana nayo: sheria ile haikutungwa kwa jambo hili. Bunge lilijibu kwa sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 1990. Ufilipino ilipata somo hilohilo kwa uchungu zaidi mwaka 2000, pale kirusi cha ILOVEYOU kilipoenea duniani na mashtaka dhidi ya mtuhumiwa yakafutwa kwa kukosa sheria.

Sisi pengo hilo tumeliziba. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, ambayo vifungu 26 vilisimamishwa na Mahakama Kuu mara tu baada ya kutiwa saini, hadi hukumu ya Februari 2020 ilipoviruhusu. Lakini mtu wa ndani bado anatupiga chenga.

Tusome maneno yenyewe. Kifungu cha 4 cha sheria ya Tanzania kinamkataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Tafsiri ya kuingia ni pana: kuwasiliana na mfumo, kuhifadhi data, kuchota data, yote yamo. Mzigo wote basi unaangukia maneno "kinyume cha sheria". Wakili wa karani wetu atasimama na kusema: mteja wangu alipewa neno la siri na mwajiri, mfumo ulimfungulia, uharamu uko wapi? Kifungu cha 14 cha sheria ya Kenya kinampa wakili huyo nafasi kubwa zaidi, kwani kinadai mtuhumiwa awe amevunja hatua za usalama za mfumo. Karani hakuvunja chochote. Aliandika jina lake na neno lake la siri kama anavyofanya kila asubuhi.

Swali hili limeshafika kwenye mahakama za juu kwingineko, na majibu yanafaa kusomwa kwa pamoja. Mwaka 1999 Baraza la Malodi lilishughulikia shauri la mfanyakazi wa American Express aliyeruhusiwa kufungua akaunti alizopangiwa, akafungua na nyingine, na taarifa alizozipata humo zikatumika kutengeneza kadi bandia. Majaji walisema ruhusa ya kuona data ya aina fulani haimpi mtu ruhusa ya kuona kila data ya aina hiyo, na hivyo kosa lilikuwapo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimsikiliza Nathan Van Buren, sajenti wa polisi wa Georgia, aliyepokea fedha ili atafute namba ya gari kwenye kanzidata ya polisi. Kwa kura 6 dhidi ya 3, ilisema hakuvunja sheria ya udukuzi, kwa kuwa kanzidata ile aliruhusiwa kuitumia, hata kama nia yake ilikuwa mbaya. Majaji waliogopa kwamba tafsiri nyingine ingewafanya wahalifu mamilioni ya watu wanaotumia kompyuta za ofisi kwa mambo binafsi.

Hofu hiyo naiheshimu. Nchini Tanzania ingekuwa kali zaidi, kwa sababu adhabu ya kifungu cha 4 imewekewa kiwango cha chini: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kenya imeweka kikomo cha juu, shilingi milioni 5 au miaka 3, na kumwachia hakimu nafasi ya kupima. Karani aliyechungulia kwa udadisi na yule aliyeuza taarifa za watu hawastahili kuanza kuhesabiwa kwenye kiwango kimoja.

Hata hivyo, hukumu zote mbili zimesimama juu ya jambo moja: mtumishi huyu aliruhusiwa kufika wapi hasa? Na hapo ndipo ofisi zetu zinapotuangusha. Nenda kwenye kaunta ya mapokezi, iwe ya zahanati au ya ofisi ya ardhi. Utakuta kompyuta moja na watumishi watatu wanaopokezana. Jina la kuingilia ni moja, na neno la siri limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa pembeni mwa skrini. Aliyehamishwa mwaka jana bado analikumbuka. Mkataba wa ajira unasema mtumishi atatunza siri za ofisi, basi. Hausemi ni majalada yapi ayafungue na yapi asiyaguse.

Mwendesha mashtaka anaipelekaje kesi hiyo mahakamani? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi data ilivyotengenezwa na kutunzwa, na jinsi mwenye kuitoa alivyotambuliwa. Mfumo unaweza kuonyesha kwamba jalada lilifunguliwa saa nane na dakika kumi mchana. Hauwezi kusema ni nani kati ya wale watatu. Mshtakiwa ataachiwa, na kwa ushahidi wa namna hiyo hakimu atakuwa sahihi.

Wapo watakaosema suala la karani ni la nidhamu, afukuzwe yaishe. Fikirini taarifa zile zilikuwa za mwanamke aliyemkimbia mume mwenye kumpiga, na aliyepewa anwani ni huyo mume. Kumfukuza karani hakumrudishii mama yule usalama wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 imeanza kulitazama jambo hili ipasavyo, kwa kuwa inamwangalia pia mwenye kutunza taarifa, na kampuni inayozitoa kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini hadi shilingi bilioni 5. Lakini taasisi nyingi bado zinaichukulia kama suala la kujisajili na kupata cheti.

Napendekeza, kwa upande wa Bunge, kosa linalojitegemea la mtu mwenye idhini anayeitumia kwa faida yake au kumdhuru mwingine, na hakimu aachiwe nafasi ya kupima adhabu. Kwa upande wa taasisi, kila mtumishi apewe jina lake la kuingilia, aandikiwe data anazoruhusiwa kuziona, na ruhusa ifungwe siku anapoondoka. Sheria ya Kenya tayari inamtaka mfanyakazi arudishe ruhusa zake ajira inapokoma.

La Bunge litachukua muda. Hili la taasisi linahitaji barua moja tu ya mkurugenzi, na nawaomba wakurugenzi mliomo humu ukumbini muiandike mara mrudipo ofisini.