Viatu vya Mchezo Mwingine

Fungueni madaftari. Leo twauliza: Je, viatu vya mchezo mwingine vyafaa kukimbilia?

Tazameni kwanza viatu vya kandanda. Chini vina njumu, yaani meno ya kushika ardhi. Katika majani na matope, njumu humzuia mchezaji asiteleze. Lakini barabara ni ngumu, njumu haziingii. Uzito wote wa mwili hukaa juu ya meno machache. Nyayo huuma, na kifundo cha mguu huweza kuteguka. Viatu hivyo havifai barabarani.

Raba nyepesi za tenisi ni afadhali. Zafaa kwa mbio fupi za polepole.

Basi mwenye jozi moja tu afanyeje? Apime mambo matatu. Soli iwe bapa. Kiatu kikunjike penye vidole. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole.

Jambo la tatu si dogo. Mwaka 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia hakupata viatu vilivyomkaa vizuri. Alikimbia kilomita 42 pekupeku, akashinda. Lakini yeye alikuwa amezoea; asiyezoea asijaribu ghafla. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alikimbia amevaa viatu, akashinda tena.

Sasa andikeni maneno haya: njumu, soli, kifundo, pekupeku. Kisha kila mtu ageuze kiatu chake, atazame chini.

Kwaherini.