Rili Kuukuu Imefufuka: Tuitunze Vipi?
(Mazungumzo ya Kamati ya Vyombo mbele ya wanachama)



Sisi wa Kamati ya Vyombo tumetakiwa kueleza habari ya rili ya ushirika, ile iliyokuwa imetundikwa ghalani na baadhi yetu wakataka iuzwe chuma chakavu. Leo tumekuja nayo, na inazunguka. Lakini kwanza tuseme ilivyokufa, maana haikufa kwa uzee.

Mnakumbuka safari ya mwisho, nje ya Fundo, ukingoni mwa mwamba. Samaki mkubwa alishika, rili ikagoma kutoa mshipi. Mwenzetu akaudaka kwa mkono, ukamkata vidole, kisha ukakatika wenyewe. Watu wakasema rili imepitwa na wakati. Tulipoifungua tulikuta chumvi imeganda kwenye gia, na washa za breki zimeshikamana kama mkate mkavu. Kwa miezi haikuoshwa, kila mtu akidhani mwenzake kaiosha. Na sisi wa kamati tumo katika kosa hilo.

Je, kuna haja ya rili? Wazee wetu wamevua kwa mshipi wa mkono, nasi hatuwadharau, bado ndio wanaotulisha. Lakini Mkondo wa Pemba si kama ule wa Unguja. Wa Unguja ni maji machache. Wetu, baina ya Wete na bara, una kina cha mamia ya mita. Ukishuka pima hamsini kutafuta chewa na kungu, kupandisha chubwi na samaki kwa mkono mara ishirini kwa siku ni kazi ya kuvunja mgongo. Wenzetu wa Shimoni, Watamu na Malindi wamezoea rili siku nyingi.

Rili yetu ni ya breki ya nyota, yaani lile gurudumu dogo lenye ncha chini ya mkono wa kuzungushia. Ni mtindo wa zamani lakini haukufa. Kampuni ya Penn, iliyoanzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, imetengeneza rili za namna hii kwa miaka mingi bila ya kuzigeuza sana, ndiyo maana vipuri vya rili kuukuu bado vinapatikana.

Basi tulifanya hivi. Tulitandika kitambaa cheupe, tukatoa kila kipande na kukipanga kwa zamu yake, skrubu ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia. Vyuma tukavilaza ndani ya mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi tukasugua kwa mswaki na kuviosha kwa sabuni na maji baridi ya kisima. Palipoganda chumvi tulipaka siki kidogo, tukasuuza upesi. Kila skrubu ilirudi na grisi yake, maana shaba na chuma vikigusana kwenye maji ya chumvi vinalana.

Jambo moja la hatari, ndugu zetu. Washa za breki za rili za zamani huenda zikawa za asbestosi. Vumbi lake huharibu mapafu. Msizipige msasa, msizipulize. Zilowesheni maji, zifungeni ndani ya mfuko, zizikwe mbali na watoto.

Vitu vitatu tu tulinunua. Kwanza washa mpya za nyuzi za kaboni, ambazo hazishikamani upesi, nazo zisiguswe na grisi ya kawaida. Pili ngoma ya chuma, kwani ile ya plastiki ilikuwa na ufa. Nailoni ikizungushwa huku imevutika hubana ngoma mpaka ikaipasua. Tatu mshipi wa kusukwa. Huu ni mwembamba kwa nguvu ile ile, mkondo hauubebi sana, na kwa kuwa hauvutiki, samaki akidonoa chini unajua. Chini yake tumezungusha nailoni kidogo usiteleze kwenye ngoma, na mwishoni tumefunga nailoni nene, maana mwamba unaukata mshipi wa kusukwa kama wembe. Na mkono nao unakatwa. Asiudake mtu!

Sasa breki. Mshipi wetu unahimili kilo 24. Funga ncha yake kwenye mizani ya ndoana, vuta, kaza nyota mpaka mshipi uanze kutoka kwenye kilo 6, basi. Mtu atauliza, mbona robo tu? Kwa sababu samaki akiuvuta mshipi, ngoma hukonda. Ikibaki nusu ya upana wake, kilo 6 zinakuwa kilo 12, na wewe hujagusa kitu. Aliyeanza na kilo 12 atafika 24, na hapo ndipo mshipi unapokatika. Kukaza breki kwa hasira ndiko kunakotupotezea samaki.

Ndugu wanachama, tumeitengeneza, lakini ikirudi ghalani kama zamani, baada ya kaskazi moja tutakuwa hapa hapa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali mambo matatu:

1. Kila safari awepo mtu mmoja wa rili, jina lake liandikwe daftarini kabla ya chombo kutoka.

2. Akirudi aifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, asiipige maji ya mpira yakaingiza chumvi ndani, kisha alegeze breki ndipo aikabidhi. Asiyekabidhi hivyo, zamu yake ijayo apewe mwengine.

3. Kila bamvua, mikondo ikiwa mikali na uvuvi wa chini ni mgumu, kamati iifungue na kuipaka grisi mbele ya vijana wawili, nao wajifunze.

Kuna waliotuambia bora kila mtu anunue yake. Ni nani kati yetu mwenye uwezo huo leo? Chombo cha wote kisiwe chombo cha yatima. Mwenzetu aliyeumia vidole amepona, na ameomba awe wa kwanza kuandikwa daftarini. Wa pili ni nani?

Wassalaam.
Kamati ya Vyombo