Kwa nini mataifa makubwa hulimbikiza silaha?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia na wafadhili. Tumeifupisha kidogo.)



Nimepewa swali ambalo huulizwa karibu kila tunapozungumzia amani: kwa nini taifa ambalo tayari lina nguvu linaendelea kutafuta silaha, na mwishowe linaingia vitani? Jibu tulilozoea ni kwamba wakubwa wana uroho. Uroho upo, sikatai. Lakini jibu hilo ni fupi mno, maana linatufanya tudhani vita huletwa na watu wabaya peke yao. Naomba tutazame mfano mmoja, Uingereza na Ujerumani kabla ya mwaka 1914, kwa sababu madhara yake yalitufikia hadi Rufiji.

Uingereza ni kisiwa. Miaka ile sehemu kubwa ya ngano yake ililetwa na meli kutoka ng'ambo, kwa hiyo adui akiishika bahari, watu wa London wanalala njaa. Ndiyo maana mwaka 1889 ilijiwekea kanuni kwamba manowari zake zilingane na za mataifa mawili yanayoifuatia, yakiwekwa pamoja. Ukiwa Mwingereza, hiyo ni kinga. Ukiwa Mjerumani, ambaye viwanda vyako vinakua na bidhaa zako zinapita baharini, hilo ni rungu lililoinuliwa juu ya kichwa chako.

Basi mwaka 1898, na tena mwaka 1900, Ujerumani ilipitisha sheria za kuunda manowari nyingi. Aliyezisimamia, Admirali Alfred von Tirpitz, hakuhitaji kuwa na manowari nyingi kuliko Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba zikifika idadi fulani, Waingereza wataogopa hasara na watatafuta maelewano. Ikawa kinyume. Uingereza ilipatana na mahasimu wake wa zamani, Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907, na mwaka 1906 ikashusha majini HMS Dreadnought, manowari yenye mizinga 10 ya inchi 12. Hapo pana kichekesho kichungu: meli hiyo ilizifanya manowari zote za zamani zionekane chuma chakavu, na mwenye nyingi zaidi alikuwa Mwingereza mwenyewe. Mbio zikaanza upya, wote wawili wakiwa karibu mstari mmoja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ni rahisi kulipita. Silaha zikishaanza kutengenezwa, zinapata ndugu na jamaa. Pale Essen, kampuni ya Krupp iliishi kwa mizinga na vyuma vya manowari, na maelfu ya wafanyakazi waliishi kwa mishahara yake. Kulikuwa na Chama cha Manowari, kilichoanzishwa mwaka 1898, kazi yake ikiwa kuwashawishi wananchi wazipende meli za vita. Kule Uingereza, mwaka 1909 serikali ilipanga kuanza na meli kubwa nne. Magazeti na wananchi wakapiga kelele wakitaka nane, na nane zikaundwa. Mwaka huo huo ndipo wazee maskini wa Uingereza walipoanza kulipwa pensheni. Waziri wa Fedha, David Lloyd George, ikambidi atafute kodi mpya za kulipia vyote viwili, na ugomvi wa bajeti ile ukaitikisa nchi. Sisi tunaobishana kikao kizima juu ya mabati ya zahanati tunaweza kuelewa.

Mbio hizo peke yake hazikuleta vita. Cheche ilitoka Sarajevo, Juni 1914, katika ugomvi wa Austria na Serbia. Lakini tarehe 1 Agosti Kaizari Wilhelm, akidhani Ufaransa itakaa kando, alimtaka mkuu wa majeshi, Moltke, ayapeleke majeshi yote mashariki. Moltke akajibu haiwezekani, kwa kuwa mipango na ratiba za treni za kwenda magharibi zilikwisha kuandaliwa kwa muda mrefu. Mfalme mzima anashindwa na ratiba ya treni!

Na zile manowari kubwa? Zilikutana kwa wingi wao mara moja tu, Jutland, mwishoni mwa Mei 1916. Mabaharia zaidi ya 8,000 walikufa, na hakuna upande uliommaliza mwenzake. Juni 1919, kule Scapa Flow, Wajerumani walizizamisha zao kwa mikono yao wenyewe.

Kwetu ilikuja manowari ndogo zaidi, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Mizinga yake ikatolewa, ikakokotwa nchi kavu kuendeleza vita. Wapagazi walichukuliwa na pande zote, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao. Hakuna mpagazi hata mmoja aliyeulizwa kama meli ziwe nne au nane.

Nimeyasema ya zamani kwa sababu ya mambo ya sasa. Kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Stockholm, mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa ajili ya majeshi, Marekani peke yake ikitumia karibu bilioni 997. Februari 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba misaada yake ya maendeleo itapunguzwa kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, ili kuongeza fedha za ulinzi. Sisemi hofu yao ni ya uongo. Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi mengi mwaka 2022, na watu wamekufa. Hata hofu ya Waingereza ya kukosa ngano ilikuwa ya kweli.

Wafadhili mliopo hapa, ninyi mna kura katika nchi hizo; sisi hatuna. Nawaomba muwaulize wabunge wenu mambo mawili: jirani ataielewaje silaha hii mpya, na fedha zake zimetoka fungu lipi. Nanyi wanakamati, kabla hatujaachana leo, naomba kila parokia iandike ni mradi gani wa maji au wa dawa unaotegemea fedha za serikali ya ng'ambo, na ni kiasi gani. Katibu ataipokea orodha pale mlangoni.